Kujaribu tumbaku mpya ya kiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huihukumu tumbaku mpya kwa kiko cha kwanza tu, na mara nyingi wanachokihukumu si jani bali maji yaliyomo ndani yake, bori (kikombe cha kiko kinachotiwa tumbaku) lililoshindiliwa kupita kiasi, au haraka ya mvutaji. Hayo yakiondolewa ndipo jani hujisemea lenyewe. Majibu haya yanafuata mtiririko wa kazi: kununua, kukausha, kujaza, kuwasha, kuonja, kusafisha na kuhifadhi. Yameandikwa kwa mtu mzima anayevuta kiko tayari. Madhara kwa afya yana swali lake, na tunaomba lisirukwe.

Ninunue kiasi gani kwa jaribio la kwanza?

Gramu 10 hadi 15, kama muuzaji anapima. Bori la wastani lenye upana wa ndani wa milimita 18 hadi 20 na kina cha milimita 35 hadi 40 hubeba gramu 2 hadi 3, kwa hiyo gramu 15 ni viko vitano hadi saba. Hiyo inatosha kuijaribu ikiwa na unyevu tofauti na kuivuta kwenye viko viwili. Makopo mengi huwa na gramu 50. Ukilazimika kununua kopo zima, siku unapolifungua hamishia nusu kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko unaokaza, kabla hujaanza kuichezea. Nusu hiyo itabaki kama ilivyotoka kiwandani, nawe utakuwa na pa kurudia endapo utaikausha mno ile ya kwanza.

Majina ya majani kwenye kopo yananiambia nini?

Yanakuambia mengi kuliko maelezo ya ladha yaliyochapishwa kando yake. Jina la jani ni habari ya namna lilivyokaushwa, na ukaushaji ndio unaoamua kiasi cha sukari, ukali wa nikotini na tabia ya moshi mdomoni.

Virginia ni tumbaku ya mvuke. Hukaushwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, kwa joto linalopitishwa kwenye mabomba, bila moshi kuligusa jani. Joto hilo husimamisha kazi ya vimeng'enya kabla sukari haijaliwa, ndiyo maana jani hubaki na sukari nyingi. Virginia ya manjano ina harufu ya nyasi kavu na maganda ya limau. Nyekundu na ya kahawia huelekea mkate na matunda makavu. Huungua kwa joto kali, na ndiyo inayomwadhibu zaidi mvutaji mwenye haraka.

Burley ni tumbaku ya hewa. Huning'inizwa kivulini kwa wiki kadhaa, na muda huo wote jani bado linapumua na kutumia sukari yake, hata inakaribia kwisha. Ladha yake ni ya karanga, kakao na udongo mkavu. Kwa kuwa jani lake hunyonya vizuri, Burley ndiyo mwili wa michanganyiko mingi iliyotiwa manukato. Moshi wake una ualikali kuliko wa Virginia, na katika hali hiyo nikotini hupenya utando wa mdomo kwa urahisi zaidi.

Oriental, au tumbaku ya Kituruki, ni majani madogo yanayokaushwa juani. Asili yake ni Uturuki, Ugiriki na nchi za Balkan. Huleta viungo, uchachu kidogo na harufu ya mbao.

Latakia si mbegu ya pekee. Ni jani la aina ya Oriental lililoning'inizwa kwa muda mrefu juu ya moshi wa kuni na vichaka vyenye harufu, hadi likawa jeusi. Jina limetoka kwenye mji wa bandari wa Latakia nchini Syria, lakini inayouzwa leo kwa kawaida hutoka Kupro. Inanuka ngozi na moto wa kuni. Wanaoinusa mara ya kwanza hudhani ni kali, kumbe nikotini yake ni ya wastani tu. Nguvu yake iko kwenye harufu. Mchanganyiko unaoitwa wa Kiingereza kwa kawaida una Latakia ndani yake.

Perique hutoka St. James Parish, Louisiana, Marekani. Majani hugandamizwa ndani ya mapipa ya mbao na kuchachuka kwa miezi mingi yakiwa kwenye maji yake yenyewe. Ladha ni ya pilipili manga na plamu iliyokauka. Kwa sababu ya ukali wake hutumiwa kwa kiasi kidogo, hasa pamoja na Virginia.

Kentucky ni tumbaku ya moshi: hukaushwa juu ya moto wa kuni ndani ya bani. Ni nzito na ina nikotini nyingi. Usiijaribu ukiwa na njaa.

Cavendish nayo ni jina la kazi, si la jani. Virginia au Burley hutiwa utamu, hupashwa moto kwa mvuke na kugandamizwa, kisha hukatwa. Ile nyeusi huwa laini, tamu na yenye unyevu mwingi.

Umbo la ukataji linabadilisha nini?

Linabadilisha kasi ya kuungua. Nyuzi nyembamba hushika moto upesi na huungua kwa joto. Nyuzi pana huenda taratibu. Vibamba, au fleki, ni tumbaku iliyogandamizwa kuwa mche kisha ikakatwa vipande bapa. Huungua polepole kuliko nyuzi na ndiyo inayoonyesha vizuri utamu wa Virginia, ila inadai kukaushwa vya kutosha. Mche mzima unahitaji kisu kikali: kata vibapa vyembamba vya milimita moja au mbili kukatisha nyuzi za jani, kisha vichambue kwa vidole. Tumbaku iliyosokotwa kama kamba hukatwa visahani vyembamba, na mara nyingi ni kali. Vipande vya mraba huingia vyenyewe ukivimimina, usivishindilie.

Kwa anayeanza kuonja aina mpya, tunashauri nyuzi za wastani. Vibamba vinaweza kusubiri hadi mkono uzoee.

Nitumie kiko kipi?

Kiko cha gunzi la mahindi. Ni chepesi, hakina gharama, hakihitaji kuzoeshwa, na kikishika harufu usiyoitaka unakiacha bila majuto. Kiko cha udongo hutoa ladha safi kuliko vyote kwa sababu hakitii chochote chake, lakini bori huwa la moto mkononi. Kiko cha mirshamu, lile jiwe jeupe jepesi linalochimbwa hasa Eskişehir, Uturuki, nacho hakishiki harufu upesi.

Kiko cha briari, yaani kifundo cha mzizi wa kichaka cha Erica arborea, ndicho kinachotumiwa na wengi, na ndicho kinachohifadhi kumbukumbu ya kila ulichovuta. Kama jana ulivuta Latakia ndani yake, leo Virginia itaonja moshi wa kuni, nawe utaisingizia Virginia. Tenga kiko kimoja cha briari kwa Latakia, kingine kwa zenye manukato, kingine kwa Virginia na Burley. Ukiwa na kimoja tu, jaribu tumbaku zisizotiwa manukato kwanza na uache zenye harufu nzito mwisho.

Kiko kiwe kimepumzika angalau siku nzima. Chenye unyevu wa jana huharibu jaribio kabla halijaanza.

Nimefungua kopo. Nifanye nini kwanza?

Angalia, kisha nusa, kisha subiri. Tumbaku iliyofungiwa muda mrefu mara nyingine hutoa harufu ya siki au ya amonia kidogo pumzi ya kwanza. Iache wazi nusu saa, nusa tena.

Kagua kama kuna ukungu. Ukungu huonekana kama manyoya au utando wa buibui, mweupe, kijani au kijivu, na unanuka chumba kilichofungwa. Punje ndogo zinazometameta kama vumbi la sukari juu ya Virginia iliyokaa miaka ni fuwele, si ukungu, na hazina shida. Ukiona manyoya, tupa kopo lote. Usichambue sehemu nzuri, maana mbegu za ukungu zimekwisha sambaa usipoziona.

Tumbaku iwe kavu kiasi gani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa, nasi hatutalipitia haraka.

Tumbaku nyingi hutoka kopo ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 18 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Kiwango hicho kinafaa kusafirisha na kuhifadhi. Kwa kuvuta, aina nyingi hufanya vizuri karibu asilimia 12 hadi 14. Maji yaliyozidi yana hasara tatu kwa mpigo: moto hutumia nguvu kuyachemsha badala ya kuunguza jani, kwa hiyo unavuta kwa nguvu na kuwasha tena na tena, mvuke unaotoka hubeba joto hadi kwenye ulimi, na mvuke huohuo ukipoa kwenye shingo ya kiko unageuka maji.

Njia ya mkono: chukua mbano mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, ubonyeze kwa sekunde mbili, uachie. Ukibaki donge, ni mbichi bado. Ukifunguka polepole na kurudi karibu na umbo lake, uko tayari. Ukivunjika na kutoa vumbi, umepitiliza.

Njia ya mizani ni ya uhakika zaidi, kama una mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Gramu 10 zenye unyevu wa asilimia 20 zina gramu 2 za maji na gramu 8 za jani kavu. Ili zifike asilimia 13, uzito wote ushuke hadi gramu 9.2 hivi. Kwa kiko kimoja cha gramu 3, hiyo ni kushuka hadi karibu gramu 2.76. Kiasi ni kidogo, lakini mdomo hukisikia.

Tandaza kiasi cha kiko kimoja juu ya karatasi nyeupe isiyo na wino, mahali pasipo jua wala upepo mkali. Nyuzi nyembamba huweza kuwa tayari baada ya dakika 15. Nyuzi pana dakika 30 hadi 60. Vibamba vilivyochambuliwa saa moja hadi mbili. Vibamba vizima hata zaidi. Hewa yenye unyevu itaongeza muda. Igeuze mara moja katikati. Usitumie jua kali, jiko wala mikrowevu: joto hufukuza mafuta ya harufu pamoja na maji, na utaonja karatasi.

Angalizo kuhusu zenye manukato: nyingi hutiwa propilini glaikoli ili zisikauke. Hizo hubaki laini na zenye kunata vidoleni hata baada ya saa nyingi. Usingoje ziwe kavu kama Virginia. Zipe saa moja au mbili, kisha zijaze kwa ulegevu zaidi.

Imekauka kama majani ya msimu wa kiangazi. Inaokoleka?

Mara nyingi ndiyo. Iweke kwenye bakuli pana, funika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa na kukamuliwa sana, kisigusane na tumbaku. Igeuze kila saa moja na uipime kwa mbano. Ikifika, ifungie kwenye chupa siku moja ili unyevu uenee. Usitumie kipande cha tunda wala kiazi. Vyote huleta ukungu. Muundo utarudi, ila harufu ya juu iliyokwisha potea hairudi.

Nijaze vipi?

Kwa nyuzi, jaza kwa awamu tatu. Ya kwanza dondosha tumbaku ilegee hadi ukingoni, kisha ibonyeze kwa kugusa tu, ishuke hadi nusu ya bori. Ya pili jaza tena hadi ukingoni, bonyeza kwa nguvu kidogo zaidi, ishuke hadi robo tatu. Ya tatu jaza ivuke ukingo kidogo, bonyeza kwa uimara hadi iwe milimita mbili au tatu chini ya ukingo. Ukiigusa juu inapaswa kunepa na kurudi.

Sasa vuta bila moto. Upinzani uwe mdogo, unaosikika kidogo tu kuliko kiko kitupu. Ukilazimika kukaza mashavu, mwaga yote uanze upya. Usijaribu kuirekebisha kwa kutoboa; tundu linalotoboka hugeuka bomba la moto na tumbaku ya pembeni hubaki bila kuungua. Kosa la kawaida ni kubana sana chini, karibu na tundu la moshi, mahali ambapo baadaye unyevu wote utakusanyika.

Vibamba vina njia mbili. Ya kwanza ni kuvichambua viwe nyuzi na kujaza kama hapo juu. Ya pili ni kukunja kibamba kimoja au viwili kwa urefu, kisha kwa upana, na kukiingiza wima huku ukikizungusha kidogo; juu nyunyiza makombo yaliyochambuliwa ili moto ushike. Kibamba huvimba kikipata moto, kwa hiyo kiache kilegee kuliko unavyodhani inafaa. Kwa jaribio la kwanza chagua kuchambua: kasoro zake ni rahisi kuzitambua.

Na kuwasha?

Mara mbili. Moto wa kwanza ni wa kuunguza uso: zungusha njiti juu ya tumbaku yote huku ukivuta taratibu. Nyuzi zitainuka na kujikunja. Acha ijizimikie, shindilia kwa uzito wa kishindilio chenyewe bila kukaza mkono, hadi uso uwe sawa na mweusi pande zote. Kisha washa tena, mzunguko mzima. Sehemu moja isipoguswa na moto, kiko kitaungua upande mmoja hadi mwisho.

Njiti ya kiberiti iachwe sekunde mbili ili kichwa chake kiishe kuungua, la sivyo utaonja salfa. Kiberiti cha gesi chenye mwali laini kinafaa. Chenye mwali wa bluu unaopuliza kwa nguvu kitaunguza ukingo wa bori, na cha petroli huacha ladha yake kwenye mivuto ya mwanzo, ambayo ndiyo unayotaka kuionja.

Nivute kwa kasi gani?

Kidogo kuliko inavyokujia. Moshi uwe mwembamba, bori liwe na uvuguvugu. Kipimo: weka bori shavuni au nyuma ya mkono, usipoweza kulivumilia kwa sekunde tatu, liweke chini dakika mbili. Bori la wastani likivutwa kwa utulivu huchukua dakika 40 hadi 60. Likiisha kwa dakika 20, umeonja joto tu.

Kuzimika si kosa. Shindilia kidogo, mwaga majivu yaliyolegea, washa tena. Anayeogopa kuzimika huvuta bila kupumzika, na hapo ndipo ulimi unapoumia. Moshi wa kiko huonjwa mdomoni, hauingizwi mapafuni.

Ulimi unauma. Ni tumbaku au ni mimi?

Ondoa sababu moja baada ya nyingine, kwa mpangilio huu: unyevu, kasi, ujazaji, halafu jani. Kausha zaidi kwa kiko kinachofuata. Bado? Vuta nusu ya kasi ile. Bado? Jaza kwa ulegevu. Ukiuma hata baada ya hapo, tazama aina. Virginia ya manjano huunguza kwa joto la sukari yake. Burley huweza kuwasha kwa ualikali wa moshi wake, hata kiko kikiwa baridi. Wako wanaovumilia moja na wasiivumilie ya pili, na hilo ni suala la kinywa chako.

Maji ya kawaida mdomoni kati ya mvuto na mvuto husaidia. Usiendelee kuvuta juu ya ulimi uliochubuka. Upe siku mbili au tatu. Kidonda au doa jeupe lisilopona ndani ya wiki mbili ni la kuonyesha daktari, si la kusubiri.

Kiko kinatoa sauti ya maji yakichemka.

Pitisha waya wenye nyuzi za pamba kutoka mdomo wa kiko hadi kwenye bori, uache sekunde chache, utoe. Usichomoe mdomo wa kiko kikiwa cha moto: shingo ya mbao imetanuka na inaweza kupasuka. Sauti ikirudi kila baada ya dakika tano, tumbaku ilikuwa mbichi au ulivuta kwa nguvu. Chujio la milimita 9 hupunguza maji hayo, lakini hupunguza na ladha. Kwa jaribio ni bora uvute bila chujio, kama kiko chako kinaruhusu.

Kopo linanukia vanila, mbona mdomoni sioni vanila?

Kwa sababu manukato ya juu hutiwa mwishoni na ndiyo ya kwanza kuondoka yakikutana na moto. Walio karibu nawe huyanusa kuliko wewe unavyoyaonja. Tofautisha harufu tatu: ya kopo, ya chumbani, na ladha ya mdomoni. Ni mara chache zifanane. Ukitaka kupata kiasi kikubwa cha manukato, vuta taratibu sana kwenye theluthi ya kwanza ya bori. Baada ya hapo ni jani la msingi linalobaki.

Nionje vipi ili nijue ninachokionja?

Usile chakula kikali wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Usivute ukiwa na njaa wala mafua. Gawanya bori katika theluthi tatu na uandike maneno machache kwa kila moja: utamu, uchachu, uchungu, viungo, uzito wa moshi, nguvu ya nikotini. Theluthi ya kwanza hudanganya kwa uzuri. Ya mwisho husema ukweli, kwa kuwa hapo unyevu na mafuta yamejikusanya. Mchanganyiko uliotengenezwa vyema hubaki unavutika hata karibu na chini.

Ladha nyingi hasa ni harufu. Kwa hiyo mara moja moja acha moshi kidogo, ambao haukwenda mapafuni, utoke kupitia puani. Kiasi kidogo sana: Perique na Kentucky huchoma pua. Hapo ndipo matunda ya Virginia na viungo vya Oriental vinapojitokeza.

Andika pia kiko ulichotumia na dakika ulizokausha. Bila hayo mawili maelezo yako hayatakufaa mwezi ujao.

Nalinganishaje tumbaku mbili?

Viko viwili vya gunzi vyenye ukubwa mmoja, unyevu uleule, saa ileile ya siku, lakini siku mbili tofauti. Kulinganisha kiko baada ya kiko katika kikao kimoja hakufai: ulimi umekwisha choka, na nikotini ya kwanza bado iko mwilini.

Niamue baada ya viko vingapi?

Vitatu kwa uchache. Cha kwanza kwa unyevu wa kawaida, cha pili kikavu zaidi, cha tatu kwenye kiko cha aina nyingine. Zile zenye Latakia au Perique zipewe viko vitano, kwa sababu pua huhitaji muda kuacha kushtuka.

Nimepata kizunguzungu na kichefuchefu.

Ni nikotini. Acha kuvuta, keti, pata hewa safi, kunywa maji, kula kitu kitamu. Kwa kawaida hupungua ndani ya saa moja. Kwikwi, jasho jembamba na mate kujaa mdomoni ni dalili za mapema; zikitokea weka kiko chini hata kama bori limejaa. Ukitapika mfululizo, moyo ukienda mbio au mtu akazimia, nendeni hospitali. Tumbaku yenyewe iwekwe mbali na watoto na wanyama, kwa maana kumeza kiasi kidogo tu kunaweza kuwaletea sumu.

Je, kiko ni salama kwa kuwa sivuti hadi mapafuni?

Hapana. Moshi wa kiko husababisha saratani ya mdomo, koo, zoloto, umio na mapafu, na nikotini yake huleta uraibu hata usipoingiza moshi ndani, kwa kuwa hupenya utando wa mdomo. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu Udhibiti wa Tumbaku, uliopitishwa 2003 na kuanza kutumika 2005, unahusu tumbaku ya kila aina, kiko kikiwemo. Moshi huo huwadhuru na walio karibu, kwa hiyo usivute penye watoto, mjamzito au ndani ya nyumba iliyofungwa. Kama huvuti, kuonja tumbaku si sababu ya kuanza.

Harufu ya tumbaku iliyopita haitoki kwenye kiko changu cha briari.

Kwanza futa bori kwa karatasi laini na upunguze utando wa kaa, yaani masizi yaliyoganda ndani ya bori, hadi unene wa milimita moja au moja na nusu. Utando mzito hupasua bori unapotanuka. Kisha, kiko kikiwa baridi, chomoa mdomo wake, jaza bori pamba, dondoshea pombe safi ya ethanoli hadi pamba ilowe, na uache usiku mzima. Asubuhi pamba itakuwa ya kahawia. Rudia ikihitajika, kisha acha kiko kikauke siku tatu. Usimwage pombe nje ya bori. Huondoa rangi na mng'ao. Usitumie spiriti ya kuwashia moto wala ya viwandani, maana yaweza kuwa na methanoli, ambayo ni sumu. Njia hii si ya kiko cha mirshamu wala cha gunzi.

Nihifadhi vipi kilichobaki?

Chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira unaobana, mahali pa giza pasipo joto. Chagua chupa inayokaribia kujaa. Mfuko wa plastiki wa kawaida hupitisha hewa na harufu, na kopo likishafunguliwa hukausha tumbaku ndani ya wiki chache. Usichanganye mabaki ya Latakia na kitu kingine kwenye chupa moja. Bandika karatasi yenye jina na mwezi wa kufungua.

Virginia na michanganyiko yake na Perique huboreka kwa miaka ikifungwa vizuri: ukali hupoa na utamu hukomaa. Latakia hupungua moshi wake kadiri muda unavyokwenda. Zenye manukato hazina cha kungoja; zivutwe zikiwa mpya.

Nimeijaribu kwa njia zote na bado siipendi.

Kama ni Virginia, ifunge na uirudie baada ya miezi sita au mwaka. Kama ni kali mno, changanya sehemu moja na sehemu tatu za Burley nyepesi au Cavendish isiyo na manukato, uifungie wiki mbili ili unyevu wa majani usawazike, kisha vuta. Kama tatizo ni manukato, kuchanganya hakutasaidia: tone la harufu nzito hutawala chupa nzima. Mpe mtu mzima mwingine anayevuta, na umwambie ulikausha dakika ngapi.